Shuka la Galilaya

Mwalimu hakuruhusu mtu yeyote ashone kitu kwenye ile ramani. Pini tu. Alizichomeka chini ya kola ya koti lake, safu nzima, na somo likianza alizichomoa moja moja bila kutazama. Mara nyingi alijichoma. Makoti yake yote mawili yalikuwa na vidoa vyeusi vya damu iliyokauka pale kwenye kola, na mimi niliyemrekebishia nguo zake nilivijua vidoa hivyo miaka kadhaa kabla sijaingia darasani kwake.

Ramani yenyewe ilikuwa shuka la kitanda. Alichora kwa kalamu nene ya bluu ziwa la Galilaya, mto Yordani ukishuka kusini, milima, na bahari kubwa upande wa magharibi. Vijiji alivitia nukta. Juu ya hapo alibandika watawala. Kila mtawala alikuwa kipande cha kitambaa, na vipande vyote vilitoka kwenye mfuko wa mabaki ulio chini ya cherehani yangu. Ashuru alikuwa kitambaa kizito cheusi cha suti. Babeli alikuwa pazia la maua. Uajemi kitenge. Wayunani, satini nyeupe ya bibi harusi. Warumi walikuwa kitambaa chekundu kilichobaki nilipomaliza sare za kwaya. Mtawala mpya alibandikwa juu ya yule wa zamani, na wa zamani hakuondolewa. Tulipofika kwa Warumi shuka lilikuwa limenenepa kama blanketi na pini zinapinda.

"Gusa," alikuwa akisema. "Bonyeza hapo. Ashuru bado yuko chini."

Mimi ni fundi wa nguo, nimesoma mpaka darasa la sita. Nikikosea historia, kosa ni langu na si lake. Chumba changu cha kazi kiko ghorofa ya chini katika jengo moja la zamani hapa Berea, huku kusini mwa Afrika, na kanisa letu la Wakongo linakodi ukumbi nyuma ya jengo hilohilo, mahali palipokuwa gereji ya magari. Jumapili tulikuwa na ibada mbili. Saa moja iliyokuwa katikati ilikuwa ya Mwalimu. Wengi walitoka nje kununua chai na mandazi. Tuliobaki hatukuzidi ishirini, na somo lilikuwa lilelile miaka yote: nchi ya Galilaya, na waliopita kuitawala. Akimaliza alibandua vitambaa vyote, akavikunja, na mwaka uliofuata akaanza tena.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hasomi Biblia kama wengine, mlango hadi mlango.

"Watu wa kusoma mlango hadi mlango wapo," akanijibu. "Mimi nilifundisha historia, Mama Neema. Siwezi kuacha."

Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko kwetu, upande wa ziwa Tanganyika. Huku alikuwa mlinzi kwenye lango la maghala huko Midrand. Kazi yake ilikuwa kuandika namba za malori yanayoingia na yanayotoka. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, herufi zimeinama upande mmoja, na alikuwa akilalamika kwamba hakuna anayeusoma. Sare yake aliipiga pasi mwenyewe. Suruali ya ulinzi iliyopigwa pasi kama ya bwana harusi! Vijana wa kanisani walimcheka, wakamwita Jenerali, naye alifurahi kuliko alivyotaka ijulikane.

Mfalme aliyemchukia kuliko wote hakuwa Mwashuri. Alikuwa Sulemani. Watu waliguna kila mwaka tulipofika hapo, maana Sulemani tumefundishwa kumpenda. Lakini imeandikwa, alisema, someni wenyewe: Sulemani alichukua mierezi na dhahabu kwa Hiramu mfalme wa Tiro, akamlipa kwa miji ishirini ya Galilaya. Hiramu akatoka kwenda kuitazama, na haikumpendeza.

"Miji ishirini," alisema Mwalimu. "Asubuhi wanaamka ni watu wa Sulemani. Jioni ni watu wa Hiramu. Na Hiramu mwenyewe hawataki! Sasa niambieni. Siku ile, nani aliteka maji?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Akishabandika kitambaa, akishatueleza vita na majina ya majemadari, alirudi nyuma hatua moja akauliza: siku ile, nani aliteka maji? Alikuwa na maana kwamba mtawala akiingia asubuhi au jioni, kuna mtu alikuwa njiani na ndoo, na mtu huyo hajaandikwa popote. Mtu wa darasani alitakiwa ajibu, na jibu halikuwa la kwenye kitabu. Ulitaja mtu wako aliyebaki nyumbani. Bibi yangu. Dada yangu mkubwa. Kisha Mwalimu aliuliza jina lake, ulilitaja, na darasa zima lililitamka kwa sauti mara moja. Basi. Somo limekwisha.

Kwa njia hiyo tulijua watu wa kila mtu. Mimi mwenyewe nilimtaja mama yangu mara nyingi mpaka wenzangu wakawa wanalitamka jina lake kabla sijafungua kinywa. Wa Mwalimu hatukumjua. Tulimuuliza, akasema mwalimu haulizwi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulielewa. Kwetu, mwalimu akiingia darasani wanafunzi husimama, na mwanafunzi akijibu husimama pia. Hata watu wazima mwili hauwezi kusahau. Mwalimu hakulitaka hilo kabisa. "Kaeni, kaeni," alisema, kwa haraka, karibu kwa hasira. Mzee mmoja aliyekuwa na tabia ya kusimama kila akijibu alikemewa mbele ya watu mpaka akaacha kuja. Niliona ni ukali wa bure. Nilimwambia hivyo, naye akakubali kwamba ni ukali wa bure, na Jumapili iliyofuata akakemea mtu mwingine.

Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa na kiburi cha elimu. Alipenda kula kwa watu na hakuwahi kukaribisha mtu kwake. Alitufundisha kwamba watawala wote hupita, lakini akimwona polisi barabarani, hata polisi anayekunywa soda, alivua kofia. Mlinzi wa jengo letu, kijana mdogo, alimwita bosi. Karatasi zote alizowahi kupewa na ofisi yoyote alizibeba kifuani ndani ya mfuko wa plastiki, na risiti za viatu zilikuwamo.

Aliwahi kukaa mtaa wa Alexandra. Watu walipoanza kufukuza wageni kule mwaka 2008, alitoka na Biblia, koti na shuka. Kwa nini shuka, nilimuuliza. Akasema lilikuwa limeanikwa kwenye kamba na lilikuwa njiani. Hakuwahi kuwasema vibaya waliomfukuza. Alisema amechoka, na kwamba mama wa nyumba ya jirani, Mzulu, alimwonyesha njia ya nyuma. Mama huyo naye tulimtamka jina darasani.

Msikilizaji wake mwaminifu kuliko wote hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa fundi simu mwenye meza yake nje ya jengo, Mtanzania, Mwislamu wa Tanga. Sisi tulimwita Mtanga. Aliingia kwa mlango wa nyuma ibada ya kwanza ikiisha, akakaa karibu na mlango, akatoka kabla ya ibada ya pili.

"Nimefuata historia," alisema. "Sala nawaachia wenyewe."

Kila Jumapili alimwamkia Mwalimu, "Shikamoo, Mwalimu," na Mwalimu alimjibu, "Jambo sana!" Sisi Wakongo hatukuona tatizo. Mtanga alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa mguu. Ilimchukua mwaka mzima kumfundisha Mwalimu kusema marahaba, na alipoisema mara ya kwanza Mtanga alipiga makofi peke yake.

Mtanga alikuwa akingoja Waarabu. Galilaya ilikuwa imepita kwa Ashuru, kwa Babeli, kwa Waajemi, kwa Wayunani wa Misri na Wayunani wa Shamu, kwa Warumi, na yeye alijua Waislamu watafika.

"Mwalimu, wetu wanakuja lini?"

"Zamu yenu bado. Panga foleni."

"Mwaka jana ulitufikisha Warumi ukaanza upya. Hii foleni ya wapi?"

"Ya Home Affairs," akajibu Mwalimu, ile ofisi ya vibali vya wageni, na watu walicheka mpaka Mchungaji akachungulia.

Ilikuwa kweli, mwaka ulitumalizikia kwa Warumi kila mara. Mwalimu alimwahidi kwamba safari hii atafika. Nilikata kipande cha hariri ya kijani, kizuri, kutoka kwenye gauni la mteja aliyehama bila kulichukua, nikakiweka tayari.

Mwaka mmoja alikosea. Aliwabandika Wayunani wa Shamu kabla ya wale wa Misri. Hakuna aliyejua, wala ingetuumiza nini? Baada ya mwezi mmoja alikuja darasani na sura ya mtu aliyefiwa. "Nimewafundisha uongo," akasema. Akabandua kila kitu mpaka mahali pa kosa, akarudia masomo manne. Wanne wetu tulilala usingizi. Yeye alifundisha kana kwamba watu wa vijiji vile wako nje wanasubiri tuwarekebishie mambo yao.

Mimi nilimkosea zaidi. Krismasi moja nilitaka kumfurahisha. Nilienda na shuka lake nyumbani, nikashona vipande vyote kwa cherehani, pindo kwa pindo, nikakunja kingo vizuri. Siku tatu za kazi. Nilimpelekea limepigwa pasi. Alilitazama muda mrefu akipitisha kidole kwenye nyuzi.

"Imetoka vizuri, Mama Neema."

"Asante, Mwalimu."

"Lakini umewaweka milele."

Nilirudi nalo nikakaa wiki nzima nafumua. Matundu ya sindano hayakuondoka, na satini ya Wayunani ilichanika.

Sasa nieleze nilichokuja kueleza.

Watoto wetu waliozaliwa huku Kiswahili wanakisikia tu. Ukimwita Neema wangu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza au kwa Kizulu. Walikuwa wakikaa nje na simu wakati wa ibada, na wengine walikuwa wameacha kuja. Mchungaji alitafuta dawa akaona iko moja: ibada ya tatu, fupi, ya Kiingereza, kwa ajili yao. Ukumbi tulipewa kwa saa zilezile, hazikuongezeka. Saa iliyokuwepo ilikuwa ya Mwalimu.

Mchungaji si mtu mbaya. Alilileta jambo mbele ya kanisa lote, Mwalimu akiwa amekaa mbele na shuka lake mkononi, tayari kwa somo. Jumapili ile ndiyo tulikuwa tuwafikie Waarabu. Mchungaji alieleza vizuri kuhusu watoto. Kisha akasema, "Wanaokubali, wasimame."

Nilisimama. Nilijiambia ni kwa ajili ya Neema, na ilikuwa kweli. Lakini pia mke wa Mchungaji ndiye anayenipa kazi ya sare zote za kwaya, na alikuwa amenigeukia akinitazama. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililonyoosha magoti yangu. Karibu wote walisimama. Mtanga, ambaye hakuwa na haki ya kura, alikuwa mlangoni. Alitazama, akaondoka.

Mwalimu alipita kwangu siku ya pili yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Akasema chumba chake kina unyevu, niliweke shuka mimi. Akaniachia na daftari lake la masomo, akaniuliza kama suruali yake imekwisha. Nilitaka kusema. Nikapima kiuno badala yake.

Nilimwona mara nyingi baada ya hapo, na kila mara nilikuwa na pini mdomoni au mteja mbele yangu. Alianza kuhudhuria ile ibada ya Kiingereza. Alikaa nyuma ya watoto na kofia yake magotini, akiitika amina mahali pasipotakiwa.

Miezi minane ikapita hivyo, kisha mapafu yakamwangusha kazini. Alilazwa hospitali ya serikali. Alinituma kwa simu nimletee ule mfuko wake wa karatasi, na hivyo ndivyo nilivyoingia chumbani kwake kwa mara ya kwanza. Kilikuwa sehemu ya sebule iliyokatwa kwa mbao, katika flati ya watu tisa. Mfuko, ambao siku ile hakuubeba kifuani, ulikuwa chini ya godoro. Godoro lilikuwa tupu. Nilitafuta shuka lingine ndani ya sanduku, nyuma ya mlango. Halikuwepo. Miaka yote ile alikuwa analala juu ya godoro tupu, na mimi fundi wa nguo, mwenye vitambaa mpaka darini.

Nilirudi kwangu kwanza. Nikachukua shuka, daftari, mfuko wa vipande na kopo la pini.

Alikuwa amekonda, kitanda cha dirishani. Alipoona nilichobeba akajaribu kujiinua.

"Umeleta Galilaya."

"Nimeleta, Mwalimu. Lakini kwanza nina neno. Siku ile Mchungaji aliposema wanaokubali wasimame, mimi nilisimama."

"Mi najua."

"Ulijua?"

"Nilikuwa mbele yenu, Mama. Mtu akiwa mbele anaona wote. Ulikuwa wa tatu."

"Nilijiambia ni kwa ajili ya Neema. Lakini ilikuwa pia kwa ajili ya sare za kwaya."

"Sare gani?"

"Zile nyekundu."

"Warumi," akasema. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikia kikombe cha maji. Nilingoja aseme amenisamehe, au hajanisamehe. Hakusema lolote kati ya hayo. Alifuta mdomo.

"Tulifikia wapi?"

"Warumi wa Konstantinopoli. Waarabu bado."

"Basi fundisha. Mimi sina pumzi."

Nilitandaza shuka juu ya miguu yake. Nilitaka kusimama nibandike vizuri, akanigusa mkono. "Kaa." Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikafungua daftari, nikasoma kwa kidole, polepole, kama ninavyosoma. Kwamba Warumi hao na Waajemi walipigana mpaka wote wakachoka. Kwamba Waarabu walitoka kusini. Kwamba walipigana na Warumi karibu na mto unaoingia Yordani chini ya ziwa, Warumi wakashindwa, na nchi ikabadilika mikono. Nilichukua hariri ya kijani nikaibandika juu ya Warumi. Pini ya kwanza ilipinda. Ya pili ikapita.

Nilifunga daftari. Yeye akaendelea kunitazama.

"Somo halijaisha," akasema.

Kweli, nilikuwa nimesahau. Nikauliza. "Siku ile, nani aliteka maji?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akiongea na simu kwa Kisotho. Mwalimu alisubiri amalize.

"Watu wenye bunduki walikuja kijijini kwetu," akasema. "Ilikuwa mara ya tatu au ya nne. Kila kundi lilikuwa na chifu wake. Hawa wakatuita wote kwenye uwanja wa shule, wakatuketisha chini. Wakasema, wanaomkubali chifu mpya wasimame. Watu wakanitazama mimi. Mwalimu, siyo? Mwenye kujua. Nikasimama wa kwanza. Wote wakasimama nyuma yangu."

Alipumua kidogo.

"Mke wangu alikuwa ametoka ziwani na ndoo. Aliikuta njia imefungwa na askari, akaiweka ndoo pale pembeni ya uwanja, akakaa chini kando yake. Sisi wote tumesimama, yeye amekaa. Hawakumfanya kitu. Sijui hata kama walimwona. Mimi nilimwona. Wakatuachilia, akajitwika maji yake, akaenda kupika. Hakunisema. Mwezi haukuisha nikakimbia. Nilimwambia twende, akasema ana mihogo shambani. Sijui mpaka leo kama yu hai."

Kengele ya kuwatoa wageni ilikuwa imelia na muuguzi alikuwa anapita kitanda kwa kitanda. Nilijua kuna kitu kimoja kilichobaki ili somo liishe, na kwamba kesho huenda isiwepo. Haikuwepo kweli. Nikamuuliza alivyotuuliza sisi miaka yote.

"Jina lake?"

Akalitaja. Kisha akaningoja, mkono wake juu ya shuka.

Darasa zima lilikuwa mimi peke yangu. Nikalitamka.